Shati la Jumamosi

Sikuzaliwa na mkono wa kupiga picha. Mume wangu ndiye aliyekuwa mpiga picha wa nyumbani, naye alikuwa na kasoro moja: alikata watu vichwa. Tunayo albamu nzima ya harusi za ndugu zake ambamo unaona suti, maua na keki, lakini ukitaka kujua ni nani aliyeoa inabidi uulize. Nilimcheka kwa hilo miaka ishirini na sita. Sasa nikitafuta picha ya uso wake napata chache tu, kwa sababu mshika kamera hajipigi.

Nasema haya ili ieleweke kwamba kazi ya kushona picha niliianza nikiwa mtu mzima, mjane wa miaka hamsini na mbili, karani wa ghala katika Eneo la Viwanda, na simu yangu ilikuwa ya kupiga na kupokea basi. Naiita kushona. Binti yangu ana jina la Kizungu la kazi hiyo, refu na lenye maringo, lakini mimi nimeiona ilivyo. Simu unaiweka mahali pamoja, inapiga picha moja, inatulia nusu dakika, inapiga nyingine, inatulia, na ukimaliza inazishona zote ziwe filamu. Asubuhi nzima inakuwa sekunde ishirini. Mawingu yanakimbia kama wachuuzi walioona kanjo, askari wa jiji.

Binti yangu, mtoto wetu wa pekee, yuko nchi za Ghuba, hotelini, kazi ya kutandika vitanda vya watu wengine. Alikuwa hajamaliza mwaka huko baba yake alipofariki. Ruhusa alinyimwa. Mazishi aliyatazama kwenye simu iliyoshikwa na binamu yake, na jeneza lilipokuwa likishushwa mtandao ukakatika. Aliporudi hewani tulikuwa tayari tunakula. Hilo hajawahi kulizungumzia, nami sijawahi kumuuliza.

Sasa nije kwenye shati, kwa maana bila shati hakuna kisa.

Kwa kina mume wangu, kule magharibi mwa nchi, mtu akishazikwa nguo zake hazibaki kabatini. Siku chache baada ya mazishi ukoo huketi uani, sanduku hufunguliwa, na kila kitu hupata mwenyewe: koti kwa kaka mkubwa, viatu kwa mpwa, hata mkanda na kofia. Mjane hukaa kando akitazama. Sina ugomvi na desturi hiyo. Nguo ikivaliwa na mtu wa damu, marehemu hajatupwa. Lakini usiku ule kabla ya kuondoka Nairobi na sanduku lake, nilitoa shati moja nikalikunja ndani ya gauni langu, na gauni nikalitia chini kabisa ya mkoba wangu. Siku ya kugawa nilikaa nimeukalia huo mkoba. Naam, niliiba shati la mume wangu mwenyewe, na shemeji zangu wakiwa wamenizunguka.

Lilikuwa shati la buluu, buluu iliyoiva, ile ya sare mpya ya shule. Binti yetu alilinunua sokoni Gikomba kwa mshahara wake wa kwanza. Aliamka alfajiri ili awepo mtumba ukifunguliwa, kabla wenye macho makali hawajachagua. Baba yake alilivaa kila Jumapili, na alilivaa siku tuliyomsindikiza uwanja wa ndege. Ndilo lililokuwa mwilini mwake mara ya mwisho binti yake kumwona.

Basi wiki mbili baada ya mazishi, binti akapiga simu, na katikati ya mambo mengine akauliza ile shati yake ya buluu ilimwendea nani. Ningesema kweli wakati huo, yangeishia hapo. Lakini niliona aibu. Mtu mzima kuficha nguo mbele ya ukoo, kama mtoto anayeficha andazi! Nikamwambia imekwenda kwa baba yake mdogo. Akasema sawa, angalau yule wanafanana mabega.

Mwaka huo huo nikahama mtaa wa Umoja, ambako kila mtu alinijua na kila mtu alinihurumia, nikaja huku Njiru, nyumba ya chumba kimoja na sebule kwenye ghorofa ya nne. Huku hakuna aliyenijua. Keateka wetu, mtunza jengo, hana haja ya majina. Kila mpangaji anaitwa kwa nambari ya mlango. Mimi ni Mama Kumi na Nne. Siku ya kwanza, akinisaidia kupandisha kitanda, aliniuliza mzee anakuja lini. Nikasema mzee ni dereva wa malori, yuko safari. Kuwa dereva ilikuwa kweli.

Shati nililiweka kwenye mfuko wa plastiki, nikaufunga mdomo. Sikulifua. Lilikuwa na harufu yake, jasho na dizeli na ile sabuni ya kunyolea, na jioni nikirudi kazini nilikuwa nafungua mfuko kidogo, navuta pumzi moja, nafunga. Sikuvuta mbili. Nilikuwa najibania, maana nilijua itakwisha.

Nguo zetu tunafulia juu ya paa, kwenye sinki la saruji lenye bomba mbili, na kila mlango una waya wake wa kuanikia. Maji hupanda hadi paani Jumamosi, kwa hiyo Jumamosi sote tuko pale, vitenge vimefungwa kiunoni. Jumamosi moja mazungumzo yalikuwa ya nyumba iliyovunjwa jengo la pili, ya mwanamke anayeishi peke yake. Mmoja akasema wezi wa siku hizi hawahitaji kuuliza mtu. Wanapanda jengo la jirani, wanatazama nyaya za watu. Waya usio na shati wala suruali ya mwanamume, hiyo ndiyo nyumba ya kuingia. Wengine wakaitikia. Hakuna aliyenitazama, lakini mimi nilitazama waya wangu: leso mbili, sketi, blauzi, shuka.

Nilishuka nikafungua mfuko. Nikavuta pumzi, safari hii nyingi, nikijua ni za mwisho. Kisha nikapanda na lile shati, nikalichovya, nikalikamua, nikalianika mahali pa kuonekana. Lilipokauka lilinukia sabuni ya unga tu, kama nguo ya mtu yeyote. Niliketi kitandani nalo mapajani, na sitadanganya, niliona kama nimemzika mara ya pili, na mara hii bila hata mtu mmoja wa kunishika mkono.

Tangu hapo, kila Jumamosi, nilifua shati ambalo hakuna mtu aliyelivaa.

Wazo la kushona picha lilikuwa la binti. Alikuwa amenitumia simu yenye kamera, kisha akachoka na picha ninazomtumia, sukuma wiki na ugali, ukuta, mimi nikiwa nimekodoa macho. Alisema picha zangu hazina nyumbani ndani yake. Anataka kuona anga ikienda, nguo zikipepea, ndege zikishuka kuelekea uwanjani. Akanifundisha kwa jumbe za sauti, moja moja, na sauti yake ikawa ya mwalimu wa chekechea. Mathe, bonyeza hapo juu. Mathe, sio hapo, nimesema juu.

Ukiwa huna kifaa cha kusimamishia simu, chukua mkebe wa siagi, ujaze mchanga, chomeka simu humo hadi katikati, halafu uuweke juu ya ukuta wa paa. Nilikwaruza alama kwa msumari pale mkebe unapokaa, ili kila wiki simu itazame mahali palepale. Mara ya kwanza sikujua kwamba inabidi ufunge mwanga, yaani kiwango chake kisibadilike, usiiache simu ijiamulie. Nikapata filamu inayopepesa kama taa mbovu ya korido. Mara ya pili betri iliisha nikiwa nimesinzia. Mara ya tatu mwewe alitua ukutani, akaitazama simu, na kwa nusu sekunde filamu nzima ikawa tumbo la mwewe. Binti alicheka hiyo hadi akakohoa.

Watu wasichojua ni kwamba simu haiwezi kuachwa peke yake juu ya paa la Njiru. Ilibidi niketi nyuma yake, kwenye ndoo iliyopinduliwa, asubuhi nzima. Simu inalinda nguo, mimi nalinda simu. Wenzangu wakishafua wanashuka kupika, wanafokea watoto, wanaitwa na waume wao. Mimi nabaki na ndoo yangu. Na kwa kuwa nakaa nyuma, katika filamu zile zote mimi simo.

Hata hivyo zile zilikuwa Jumamosi njema kuliko zote nilizopata tangu nifiwe. Nilikuwa na kazi, na kazi ilikuwa na mtu anayeisubiri. Nikimtumia filamu, hazipiti dakika kumi, anajibu. Anahesabu ndege. Anauliza ghorofa lile la nyuma limeongezwa tabaka lini. Jumapili anapiga simu tunaongea hadi sikio linapata joto. Mwaka ukapita hivyo.

Halafu Jumamosi moja akajibu kwa maneno machache. "Mathe, hiyo shati ni ya nani?"

Nililitazama swali hilo nikiwa nimesimama na beseni. Nilidhani amelitambua. Nilidhani nimenaswa na shati la wizi baada ya muda wote ule, na kwa haraka ya mwongo aliyezoea nikaandika kwamba ni la jirani, waya wake umejaa.

"Kila Sato?" akaandika.

Nilishuka, nikalitandaza shati kitandani nitafute ni nini hasa ameona, na hapo ndipo nilipoelewa. Halikuwa buluu. Lilikuwa jeupe la kijivu, rangi ya majivu ya jiko. Nilikuwa nimelishika kila wiki kwa mikono hii na sikuona, kama usivyoona mtoto wako mwenyewe anavyorefuka. Niliinua kola, na chini ya ule mkunjo tu, mahali ambapo jua halijafika, kulikuwa na ukanda wa buluu ileile ya Gikomba. Binti yangu hakuwa amelitambua shati la baba yake. Alikuwa ameona shati jeupe la mwanamume, la wiki baada ya wiki, kwenye waya wa mama yake. Mwanzoni, lilipokuwa bado buluu, macho yake yalikuwa kwenye ndege na mawingu.

Alidhani nimepata mtu.

Kuna wanawake ambao wangecheka. Mimi nilikasirika kwanza. Nikasema moyoni, mtoto wa kunilaza mimi na mwanamume kwa ushahidi wa waya! Hata ningekuwa naye, ningemweka chumba kipi, cha kulala au cha kulala? Lakini hasira haikukaa, maana jambo lilikuwa wazi: njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imefika ukutani. Nikisema ni la baba yako, atasema la baba lilikuwa buluu, tena lilikwenda kwa baba mdogo, wewe mwenyewe ulisema. Kila mlango niliotaka kutokea nilikuwa nimeufunga kwa mkono wangu.

Jumapili ile hakupiga. Iliyofuata akapiga dakika mbili, akasema yuko zamu. Nilituma filamu ya Jumamosi, yenye mawingu mazuri kweli ya mwezi wa nne. Alama mbili zikageuka buluu kuonyesha ameiona. Baada ya saa tano likaja neno moja: "Poa."

Sijui kama kuna neno baridi kuliko hilo kwa mama. Wiki tano zilikwenda hivyo. Nilikuwa nikirudi kazini naweka simu mezani mbele ya sahani yangu, uso juu, kama mgeni niliyemwalika. Ikilia ni ujumbe wa kampuni ya simu. Kupitia ukuta nilisikia nyumba ya pili wakigombania rimoti, nikawaonea wivu ule ugomvi. Kazini wakaniuliza binti hajambo, nikasema hajambo sana. Ningemwambia nani? Niliokuwa nao wawili, mmoja yuko chini ya udongo, mwingine anadhani nimeshamsahau huyo mmoja.

Kilichonisaidia ni tabia ya ukarani. Situpi kitu. Binti alikuwa ameniambia nikishashona filamu nifute picha, zinajaza simu. Sikufuta hata moja. Nilinunua kadi ndogo ya kuhifadhi nikazipanga humo kwa tarehe, Jumamosi moja jalada moja. Na kwa sababu ya ule mkwaruzo wa msumari, kila wiki simu ilikuwa imetazama waya uleule kutoka mahali palepale.

Nikachukua likizo ya siku moja. Nikafungua kila Jumamosi tangu ya kwanza, nikachagua picha moja tu katika kila moja, ya saa tano asubuhi, shati likiwa limenyooka. Zile za mvua niliziruka. Nikapata picha hamsini na moja. Zikishonwa kwa mwendo wa kawaida zinapita kwa sekunde mbili, jicho halishiki kitu, kwa hiyo nikazipunguza mwendo: nne kwa sekunde. Nikabonyeza, nikatazama.

Leso zangu zilikuwa zinarukaruka, nyekundu, njano, nyekundu. Ghorofa la nyuma lilikuwa likiota. Na katikati, mahali palepale, shati la buluu lilikuwa likifa rangi. Halikuondoka mara moja. Mabega yalitangulia, kisha mgongo, kisha mikono, na kufikia sekunde ya tisa ungesema ni shati jingine. Sekunde kumi na tatu, kwisha. Nilikuwa nimelianika ili watu wadhani yupo, na kila wiki nilikuwa nikimtoa kidogo zaidi kwa maji na sabuni. Nililia kwa sauti, mchana kweupe, nikasahau kwamba kuta za huku ni nyembamba.

Nilipomaliza kulia niliituma filamu, na nyuma yake ujumbe wa sauti. Mficha uchi hazai. Nilimweleza yote: gauni, mkoba niliokalia, wezi wanaosoma nyaya, harufu iliyokwenda na maji. Nikamwambia baba yake mdogo alipewa koti la kahawia, basi. Nikamwambia hakuna mwanamume katika nyumba hii, hakuna mtu kabisa, na ndiyo sababu ya shati.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumatano nikiwa ghalani, kati ya makatoni, simu ikatetemeka mfukoni.

"Usiioshe tena, Mathe," alikuwa ameandika.

Jumapili akapiga kwa video. Hakuomba msamaha wala mimi sikuuomba. Hatukuwa watu wa hivyo. Aliniambia nimwonyeshe chini ya kola. Nikaikunjua mbele ya simu, nikaisogeza karibu. Alitazama ule ukanda wa buluu muda mrefu, na nyuma yake nikasikia mwenzake wa chumbani akizima redio.

Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata shati lilibaki kabatini, na mimi nikapanda paani na nguo zangu pekee. Kuanika leso mbili na sketi ni kazi ya dakika mbili, lakini siku hiyo mikono ilikuwa mizito. Ule waya ulikuwa mtupu kwa namna ambayo niliona dunia nzima inausoma. Niliweka mkebe kwenye alama yake, nikafunga mwanga, nikawasha, halafu badala ya kwenda kuketi kwenye ndoo nikasimama tu pale kwenye pengo la shati.

Kwenye waya wa pili alikuwa Mama Kumi na Moja, Mkamba, mkubwa wangu kidogo. Mumewe ni mchonga vinyago, ana kibanda karibu na Gikomba, na shati zake zote zina madoa ya rangi ya viatu ya kahawia wanayotumia kung'arishia twiga na vifaru. Haya madoa hayatoki hata ufanye nini. Mwaka mzima tulikuwa tumepeana habari ya asubuhi, na sabuni mara moja.

"Leo hujaleta ya mzee," akasema, akiendelea kukamua.

Nilikuwa na jibu tayari, lile la safari. Lilifika mdomoni likakataa kutoka.

"Hakuna mzee," nikamwambia. "Alifariki kabla nihamie huku."

"Najua."

Nikamgeukia. Yeye hakugeuka.

"Wewe husuguangi kola," akasema. "Shati ya mwanaume, kwanza ni kola. Yako ilikuwa inaingia maji na kutoka. Nikasema, hii haina shingo ndani."

Mwaka mzima. Mwaka mzima niliketi pale nikijiona mjanja, na mwanamke aliyesimama hatua tatu kutoka kwangu alikuwa anajua, na wengine pale sinkini bila shaka walijua, kwa kuwa wote wamesugua kola maisha yao yote. Hakuna aliyesema. Niliona aibu, halafu nikaona kitu kingine ambacho sikuwa nimekitarajia, kwamba mabega yangu yameshuka, kama mtu aliyetua mtungi.

Mama Kumi na Moja akachukua shati moja la mumewe kutoka kwenye beseni lake, akalikung'uta mara mbili, akavuka, akalianika kwenye waya wangu, katikati ya leso na sketi. Akalibana kwa vibanio vyangu.

"Mwizi hajui ni ya nani," akasema. "Jioni nitaianua." Akarudi kwenye beseni.

Sikumshukuru vizuri. Nilisema asante kama mtu aliyepewa chenji, nikaenda kuketi kwenye ndoo. Lilikuwa shati kubwa, la mtu mnene, lenye madoa kwenye mikono, na halikufanana na kitu chochote changu. Nililitazama likipepea hadi likakauka.

Nilipoishona asubuhi ile nilikaribia kutoyaona mazungumzo yetu. Yalikuwa picha nane tu. Katika filamu ni theluthi ya sekunde: wanawake wawili wanatokea kwenye waya, wanapotea, shati linabaki. Ilinibidi nirudishe na kupunguza mwendo. Ndipo nilipoona kwamba kwa mara ya kwanza nimeingia kwenye filamu yangu. Nimepigwa kutoka nyuma, mikono mitupu imening'inia, mgongo umepinda. Kichwa hakijakatwa, lakini uso hauonekani.

Nikaituma. Safari hii sikungoja kuulizwa. Nikaandika kwamba hilo shati ni la jirani, na safari hii ni la jirani kweli.

Dakika kumi hazikupita. "Hiyo shati nimeona si yako," akaandika. "Lakini huyo mama mwingine ni nani? Huyo amekonda, amesimama hana kitu kwa mkono."

Nje watu walikuwa wanaanua nguo, nikasikia Mama Kumi na Moja akishuka ngazi akiwa na beseni.

"Ni mimi," nikaandika.

Simu ikaanza kulia kabla sijaiweka mezani.